Nyumba Namba Arobaini na Tatu

Ofisini mdogo wangu wanamwita Sifuri, tena kwa mapenzi. Kila tukikagua nyumba alizohesabu, tofauti kati ya dodoso lake na letu ni sifuri. Mimi nina miaka kumi na tano kwenye sensa na hakuna aliyewahi kunipa hata jina la utani. Sifichi, nilimwonea wivu.

Sasa nafasi ya mkuu wa wakaguzi ilikuwa wazi, tukabaki wawili tunaoigombea. Mkuu wa idara alisema Sifuri akipita ukaguzi wa mara hii, nafasi ni yake. Kanuni inakataza kukagua kazi ya ndugu, lakini sisi ni mama mmoja, baba mbalimbali, na hatukuwahi kumtangazia mtu. Nikaomba niukague mtaa wake, mtaa ule ule niliouhesabu mimi katika sensa ya miaka kumi nyuma. Nikapewa.

Katika nyumba mia tunarudia kumi tu. Zinachaguliwa kwa dadu mbili zenye pande kumi, mbele ya shahidi, ili mkaguzi asijichagulie. Shahidi wangu alikuwa dereva, na macho yake yalikuwa kwenye simu. Mara ya mwisho dadu zilisema nne na moja, yaani nyumba ya arobaini na moja. Nikaandika arobaini na tatu.

Arobaini na tatu ni kwa mama. Dodoso lake nilikuwa nimeshalichungulia: watoto aliozaa, wanne. Sisi tuko wawili. Sifuri kakosea kwa mama yake mzazi! Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Nilimkuta mama anakunja nguo kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja na makaratasi."

Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa. "Umezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki?"

"Wanne."

"Mama, si tuko wawili?"

"Mlio hai. Baada yako nilizaa wavulana wawili, wewe ukiwa kwa bibi yako. Mmoja aliishi siku tisa. Wa pili hakumaliza mwezi."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza. Mwenzio aliuliza, akaweka kalamu chini, tukalia wote." Akakunja shuka. "Wewe, sensa ile iliyopita nilikungoja kutwa nzima, mlango wazi. Ulinihesabu saa ngapi?"

Nilimhesabu mezani kwangu, nikinywa chai. Nilijiambia mama yangu namjua, sina haja ya kumuuliza. Watoto, wawili.

Nikaandika wanne. Kwenye kisanduku cha tofauti nikaandika sifuri.

Nje, dereva alinipa karatasi ya nyumba zilizochaguliwa, alikuwa ameshasaini. Nikakata arobaini na tatu, nikaandika arobaini na moja, nikasaini pembeni.

"Mkuu atauliza hii," dereva akasema.

"Ataniuliza mimi."

Nilijua swali lenyewe, kwa nini niliichagua nyumba ya mama, na nilijua nafasi imeshakwenda. Wivu haukwenda nayo. Lakini jina lile la Sifuri nilikuwa simwonei wivu tena. Mwache aitwe hivyo. Mama alikuwa na watoto wawili wa kuwalilia miaka yote hiyo, na aliyelia naye ni mdogo wangu, si mimi.