Kikombe Mbele ya Chanuo

Foleni ya kulala haikuwa ya watu, ilikuwa ya vitu. Kila asubuhi wanawake waliotaka kitanda kwenye nyumba ya hisani walipanga vitu vyao chini ya ukuta wa nje, kimoja nyuma ya kingine, kisha wakaenda kuhangaika na dunia: kufua, kuokota chupa, kuomba. Kandambili isiyo na mwenzake, kopo, jiwe lililofungwa kitambaa. Hata wezi hawakuvigusa. Jioni kila mtu alisimama penye kitu chake, na vitanda vilivyokuwa wazi vikagawiwa kuanzia mbele.

Siku hiyo mbele kabisa kilikaa kikombe cha bati cha Fundi. Aliitwa hivyo tangu alipokuwa na cherehani; cherehani ilikwenda, jina likabaki. Kitanda hakukitaka kwa ajili yake. Alikitaka kwa mama mkwe wake, ambaye kikohozi kilimkaba tangu mvua zianze na sasa kilimtoa damu. Mume wa Fundi aliondoka zamani bila kuaga.

"Mwanangu katutupa wote wawili," bibi alipenda kusema. "Angalau hana ubaguzi."

Nyuma ya kikombe lilikaa chanuo la Msusi. Walikuja pamoja alfajiri, Msusi akitania kwamba kikombe hicho kimebonyea kuliko mwenyewe. Alipopata kichwa cha kusuka aliwagawia Fundi na bibi mkate. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kulala kwenye saruji, lakini mdomo wake ulikuwa mzima. Alichekesha foleni nzima. Tena alisifika kwa kusema kweli, hata ile iliyomuumiza mwenyewe.

Mchana walikuja wafadhili. Mwenyekiti wa nyumba, mama asiyejua kukaa chini, alikuwa amewaagiza watu wapya wa kujitolea wasafishe mbele ya lango pang'ae. Wakapang'arisha. Hakuna aliyekumbuka kuwaeleza habari za ukuta. Waliona takataka, wakazizoa zote kwenye kiroba. Wageni walipiga picha mbele ya ukuta mtupu na kusifu usafi.

Jioni kiroba kilimwagwa uani. Wanawake waliinama, kila mmoja akaokota chake, na kila mmoja akaapa chake ndicho kilichotangulia. Mwenyekiti aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu. Vingine vilishikwa na wagonjwa wasioweza kuinuka. Fundi alitaja kikohozi cha bibi. Wengine nao wakataja yao, na hakuna aliyekuwa akidanganya. Ndipo Fundi, kikombe mkononi, akaeleza polepole kwamba yeye ndiye wa kwanza, na shahidi wake yupo.

Kelele zikakatika. Msusi wote walimkubali.

"Haya, mwanangu," Mwenyekiti alisema. "Wewe tunakuamini. Mbele kulikuwa na nini?"

Msusi alitazama miguu yake, akatazama mawingu. Hakumtazama Fundi.

"Chanuo," alisema.

Bibi, aliyekuwa ameegemea nguzo ya lango, alicheka hadi kikohozi kikamkunja. Fundi alikishusha kikombe. Shahidi alimleta mwenyewe.

Msusi aliingia ndani akichechemea, chanuo amelishika kama mtu aliyeokota kisu. Mwenyekiti aliwatafutia waliobaki vipande vya sabuni kutoka kwenye zawadi za wageni, akawasihi waje kesho mapema. Mlango ukafungwa. Komeo likalia.

Fundi na bibi walijibanza kwenye kibaraza cha duka la ng'ambo ya barabara. Mvua ikaanza. Bibi akamhimiza akaweke kikombe ukutani sasa hivi, kabla wenzao hawajapata akili hiyo. Fundi akavuka barabara, akakiweka. Kilikaa peke yake, matone yakigonga bati. Alirudi nguo zimemganda mwilini.

"Tuko wa ngapi?" bibi aliuliza.

"Wa kwanza, mama."

Bibi alijifuta mdomo kwa ncha ya nguo, akaitazama ile ncha, akaikunja ndani ya kiganja.

"Hata leo tulikuwa wa kwanza," alisema.