Gitaa Ndani ya Nailoni

Shemeji yangu ana tabia ya kuchokoa meno huku anaongea, kisha kijiti anakihifadhi nyuma ya sikio ili akitumie tena baadaye. Ndivyo alivyokuwa asubuhi ile tulipoingia kwenye duka la magodoro, yeye mume wa dada yangu na kiongozi wa bendi yetu, kijiti sikioni, akinisukuma mgongoni kwa kiganja chenye jasho.

"Ingia, shemeji, ingia. Leo utafurahi na roho yako."

Nilisogea mbele haraka ili kile kiganja kinitoke.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Kwenye bendi wananiita Mama Spiriti, kwa sababu kabla na baada ya kupiga napangusa nyuzi za gitaa langu la besi kwa pamba yenye spiriti, na sikubali mtu mwingine aliguse. Wanacheka. Wacheke. Hawajawahi kuona rangi ya pamba inayotoka kwenye nyuzi zilizopigwa na mtu aliyetoka kula samaki bila kunawa.

Gitaa hilo lilikufa kifo cha kipumbavu. Wiki iliyopita, wakati wa mazoezi, nililiegemeza kwenye spika nikatoka kwenda kunawa mikono. Mpiga ngoma wetu naye aliona hapo juu ya spika ndipo mahali pa kuweka bakuli lake la maharage. Spika ikatetemeka, bakuli likateleza, mchuzi wote ukaingia kwenye gitaa langu kupitia vile vitundu vya vifungo vya sauti. Niliporudi nilimkuta shemeji ameshaliosha. Kwa maji. Na sabuni ya kufulia! Akalianika juani juu ya banda la kuku, pale dada anapoanikia masufuria, akisema mbao ni mbao, ikikauka imekauka. Kesho yake shingo ilikuwa imepinda, na ukilisogeza karibu na pua unasikia maharage yaliyochacha. Nililiweka chini nikaenda kutapika.

Lingetokea wakati mwingine ningevumilia. Lakini kulikuwa na hoteli moja kubwa iliyotafuta bendi ya kupiga pale kila mwisho wa wiki, kwa mkataba wa mwaka mzima, na meneja wake angekuja kutusikiliza Ijumaa. Alishasema anataka bendi kamili, yenye ngoma, kinanda, gitaa la solo, besi na mwimbaji. Mwimbaji ni dada yangu. Besi ni mimi. Sijui kazi nyingine na sina hamu ya kuijua. Wakati huohuo mpiga kinanda wetu, jamaa mmoja anayejiona sana tunayemwita Profesa, alikuwa ameanza kutamba kwamba mkono wake wa kushoto unatosha kupiga besi, tena bila kula posho ya ziada. Nisipopata gitaa kabla ya Ijumaa, nafasi yangu ingechukuliwa na mkono wa mtu. Hilo nililijua vizuri, na ndilo lililonifikisha kwenye duka la magodoro.

Duka lenyewe lilinuka sponji mpya na mikojo ya panya. Magodoro yalirundikwa hadi darini, na katikati yake kulikuwa na kila takataka iliyowahi kushushwa kwenye kontena, majokofu, mabeseni ya kuogeshea watoto, feni zisizo na mapanga. Dada alikuwa ametangulia, amekaa juu ya godoro lililofunikwa plastiki, mkoba magotini. Muuzaji, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikwenda nyuma ya jokofu akarudi na gitaa kalibeba kwa mikono miwili.

Sijawahi kuona kitu kibaya namna ile. Kwanza rangi, nyekundu inayoelekea kuwa ini lililokaa siku mbili buchani. Jina lililoandikwa kichwani sikuwahi kulisikia kwa mpigaji yeyote, na mimi magitaa nayajua. Lilikuwa limezungushiwa nailoni tabaka kwa tabaka, gundi ya utepe imeyeyuka na kukusanya vumbi na nywele za nani sijui. Na katikati ya tabaka mbili, juu ya nyuzi kabisa, alilala mende chali, amekufa, miguu imekunjwa.

"Umeona linavyong'aa?" shemeji akasema. "Na mashati yetu linaendana. Meneja akituona tu, ameshakubali."

"Kuna mende."

"Mende si wa gitaa, shemeji. Ni wa nailoni."

"Lifunguliwe basi nilijaribu."

Akatoa kijiti sikioni akakirudisha mdomoni. Nikaangalia pembeni.

"Hairuhusiwi," akasema. "Likishafunguliwa linahesabika limetumika. Ndiyo sheria ya hapa."

"Shemeji, hata tikiti maji watu wanaligonga kabla ya kulilipia. Unataka kuniuzia mbuzi kwenye gunia?"

"Gunia liko wapi? Nailoni yenyewe inaonyesha mpaka ndani!"

Akacheka peke yake. Muuzaji wakati huo alikuwa amevutwa pembeni na mteja wa feni, hakusikia.

Nililishika. Nailoni ilinata vidoleni na nikahisi mwili wote unasisimka kwa kinyaa, lakini nililishika. Lilikuwa zito, na uzito huo haukuwa mbaya. Nilifumba jicho moja nikaitazama shingo kutoka kichwani kwenda chini, nikaona imenyooka. Nikabonyeza nyuzi juu ya nailoni, mbali na yule mende, zikarudi vizuri. Lakini gitaa la umeme bila umeme ni bubu. Linaweza kuwa na shingo ya kupendeza na tumboni hamna kitu. Ningelipeleka mbele ya meneja Ijumaa likanguruma kama friji bovu, na kazi yangu ingekwisha palepale, mbele ya watu, mimi nikiwa nimelishika.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu kutoka kwenye godoro lake, "lichukue tu. Ijumaa ni keshokutwa. Utapata wapi jingine?"

Shemeji akisema jambo, mimi hutafuta alichokificha. Dada akisema, nalegea. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye bendi nikiwa sijui hata kushika gitaa, akaniambia simama hapa, usiogope. Nikatazama ile rangi ya ini.

"Haya," nikasema. "Tulichukue."

Shemeji akapiga makofi, simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea akiongea kwa sauti ya mtu mwenye mambo mengi. Nikamgeukia muuzaji, aliyekuwa amemaliza na mteja wake.

"Kaka, nisaidie kitu kimoja tu. Mtoe huyu mende. Siwezi kutembea naye barabarani."

"Pole sana, mama. Kweli ni aibu." Akachukua mkasi palepale na kuanza kuikata nailoni yote.

"Si ni sheria ya duka lisifunguliwe?"

"Sheria gani?" Akasimamisha mkasi. "Hapa watu wanalalia magodoro kabla ya kununua, wengine mpaka wanakoroma. Ni huyu bwana ndiye aliyeniambia jana lisifunguliwe, lisichomekwe. Kasema wewe unapenda kitu kiwe safi, kisichoguswa."

Damu ilinichemka. Kinyaa changu mwenyewe, alikuwa amekigeuza kufuli! Hata hivyo wakati huo nilidhani ni tamaa yake tu ya kumaliza haraka. Nikamuuliza muuzaji kama ana spika. Alikuwa nayo, ile anayojaribia maikrofoni anazouza, na waya wake. Nikatoa pamba na chupa ya spiriti kwenye mkoba, nikapangusa nyuzi zote, nikapangusa shingo, nikapangusa mahali alipolala mende mara tatu. Dada alikuwa anasema kitu kama "ngoja kwanza aje," lakini nilikuwa nimeshachomeka.

Nikapiga uzi wa juu kabisa, ule mnene.

Mabeseni yalitikisika ukutani. Sauti ilitoka nzito, safi, imejaa, ikanipanda kutoka nyayo hadi kifuani. Nikapiga mwingine. Nikapiga kipande kizima cha wimbo wetu wa kufungulia, na lile gitaa lenye rangi ya ini na jina lisilojulikana likaniitikia kila nilipoligusa. La zamani halijawahi kulia hivyo hata siku moja. Nilicheka kwa sauti. Muuzaji naye akacheka, akitikisa kichwa kufuata mapigo.

Shemeji aliingia mbio, simu bado mkononi, akang'oa waya.

"Nani amekwambia uchomeke?"

"Shemeji, linalia! Linalia vizuri ajabu!"

Uso ulimshuka. Hapo ndipo nilipopatwa na baridi, kwa sababu mtu aliyepata gitaa zuri kwa bahati hapaswi kushuka uso.

Muuzaji, kwa wema wake wote, akataka kuyapoza mambo. "Bwana, si umepata bahati? Wewe si ulisema hata kama halilii huna shida nalo?"

Nilimtazama shemeji, akautazama mkono wake wenye waya. Nikamtazama dada.

"Usikasirike," dada akasema. "Ijumaa besi atapiga Profesa, kwenye kinanda. Meneja anataka kuona mtu na gitaa. Wewe utasimama palepale pako, utapiga kama kawaida. Ni waya tu ambao hautafika kwenye mitambo ya spika za watu."

"Nipige nini sasa, dada? Hewa?"

"Spika yako ya jukwaani utaisikia. Kama siku zote."

Hakukusudia kusema hivyo. Niliona alivyobana midomo, kachelewa.

"Siku zote zipi?" nikauliza.

Alianza kuchuna plastiki ya godoro kwa kucha. Shemeji ndiye aliyejibu, tena kwa ukali. "Tangu mwaka jana. Kwa watu inakwenda besi ya kinanda tu. Unachelewa mapigo, shemeji. Tulikuvumilia kwa sababu wewe ni ndugu. Wengine wangekufukuza!"

Mwaka jana. Sherehe zote zile. Watu walikuwa wanacheza mbele yangu, na mimi nikiwatazama viuno nikijiambia hawa nawachezesha mimi, kwa vidole hivi viwili. Kumbe walikuwa wanachezeshwa na mkono wa kushoto wa Profesa, na mimi nimesimama pale nimepangusa nyuzi zangu vizuri, natabasamu. Na wote walijua, hata yule wa maharage. Ile aibu ilinijaa mdomoni kama chakula kilichooza, nikatamani kuitema pale pale sakafuni. Nilimchukia shemeji, lakini yeye nilishamzoea. Niliyemchukia zaidi ni mimi mwenyewe, yule mimi wa jukwaani mwenye tabasamu.

Nilimwendea shemeji. Nikachukua mkanda wa gitaa, nikamvisha shingoni, nikaurekebisha ukamkaa vizuri. Alikuwa ameduwaa kiasi kwamba alikubali kama mtoto anayevishwa sare.

"Linaendana na shati lako," nikamwambia. "Kwa kazi mliyopanga, wewe unatosha kabisa."

Nikamshukuru muuzaji, ambaye masikini alikuwa bado ameshika mkasi, nikatoka.

Nilikuwa nimefika ukingo wa barabara, nasubiri magari yapite, dada aliponifikia. Viatu alikuwa ameviacha dukani. Akanikamata mkono wa gauni kwa nguvu.

"Hujaelewa," akasema, anahema. "Mimi naimba kwa kukusikia wewe. Spika yako iko miguuni pangu, kinanda mimi sikisikii hata kidogo. Nikijua wewe umefika wapi, ndipo naingia. Ijumaa nitaingilia wapi mimi?"

Alikuwa analia, na nilijua hasemi uongo. Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri kama hilo kuhusu upigaji wangu. Likanitia kichefuchefu kuliko mende na maharage kwa pamoja, kwa sababu alikuwa nalo mwaka mzima asiniambie.

Nikavitoa vidole vyake kwenye gauni langu, kimoja kimoja, nikavuka barabara.