Mikono ya Bi Shizue

Bi Shizue alikuwa akipara samaki wa chakula cha jioni, amesahau kabisa kwamba asubuhi ile mwalimu wake wa Reiki, uponyaji wa kuwekea mikono, alimfungulia nguvu mikononi. Samaki, aliyekufa tangu sokoni, akarusha mkia. Bi Shizue akamwomba radhi, akamtia kwenye beseni la maji, akapika figili.

Nguvu hiyo ilitoka Mlima Kurama, kwa mtu aliyefunga kule juu hadi ikamshukia. Tangu hapo ilipita mkono kwa mkono mpaka ikaingia Tokyo. Majirani walimletea Bi Shizue viuno na meno yao, wakarudi makwao wazima. Asubuhi na jioni alikutanisha viganja na kujiambia, kama wanafunzi wote walivyofundishwa, kwamba kwa leo tu hatakuwa na wasiwasi.

Wasiwasi alikuwa nao tele. Tomoji, mwanawe wa pekee, alikuwa na pafu bovu, na pafu hilo ndilo lililomwokoa asipelekwe vitani China. Kwa hiyo hakumgusa. Hata bakuli la wali alimsukumia juu ya mkeka.

"Mama, kwani nina ukoma?" Tomoji alimtania.

"Kula wali wako, usinichokoze."

Jioni moja damu ilimjaa Tomoji kooni, midomo ikabadilika rangi. Bi Shizue aliikalia mikono yake kadiri alivyoweza. Kisha akamshika kifua, huku akilia.

Kesho yake Tomoji alikula mpaka sufuria ikabaki tupu. Daktari wa jeshi alimpima, akampa daraja la kwanza la kufaa vitani, na treni ikamchukua huku mtaa mzima ukipunga bendera.

Bwana Kubota, mkuu wa mtaa, hakushangaa. Aliuliza tu nani kamtibu. Wiki iliyofuata aliwaleta vijana wote waliokataliwa na jeshi, akawapanga uani kwa Bi Shizue, kila mmoja na mama yake nyuma.

"Taifa linakushukuru, mama," alisema, akiinama. "Tuanze na huyu kiwete."

Akina mama nao wakainama, kama adabu inavyotaka. Mama wa kiwete alichelewa kuinuka.

"Mama Tomoji," alinong'ona akiwa bado ameinama, "nakusihi, niachie mwanangu na kilema chake."

Bi Shizue akaificha mikono ndani ya kimono. Lakini kijana, aliyetamani tangu utotoni kukimbia kama wenzake, alikuwa ameshaudaka mmoja, na mguu wake ulikuwa ukinyooka.