Sauti ya Mkulima Mmoja

Mume wangu, Ambindwile, alisoma mambo ya ruzuku kwa miaka ishirini na miwili. Alianzia chuoni Dar es Salaam, akaenda Ulaya, akarudi na makoti mawili mazito na sanduku la vitabu vinavyoeleza jinsi serikali za huko zinavyowalipia wakulima wao ili maziwa na sukari yao viuzwe rahisi nchi za mbali. Hapa Igogwe watu wakamwita Daktari. Mama mmoja alimletea mtoto mwenye homa, naye akamwelekeza hospitali. Yule mama akaondoka akinung'unika, "Daktari gani huyu, hata kipimajoto hana!"

Cheo alikipata kwa andiko moja: kwamba serikali iache kulipia mbolea, wafanyabiashara wataileta wenyewe hadi vijijini. Serikali ikaacha. Mwaka tisini na nne, mradi mmoja ukampa kazi ya kuandika taarifa jinsi mambo yalivyokwenda. Akaweka ndani kurasa tisa za kuuliza kwa nini sisi tumeacha ruzuku na Ulaya hawajaacha. Zikarudi zimepigwa mistari myekundu. Aziondoe, wakasema wenye mradi, aweke sauti ya mkulima mmoja aliyefikiwa na wafanyabiashara, kisha asaini. Alhamisi saa kumi gari la mradi litapita kuchukua bahasha. Asiposaini, mkataba umekwisha.

"Nina miaka hamsini na sita, mama Gwakisa," aliniambia. "Nitaanza wapi tena?"

Mkulima aliyemchagua ni Tupokigwe, mke wa mwanetu Gwakisa, anayelima mahindi na viazi kule Matwebe. Nilimkatalia palepale. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkamwana hataji hata jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, yeye anakatiza migombani akajificha. Majirani wengi wamelegeza, ila nyumba yetu bado.

"Ndiyo maana namtaka huyo," akasema. "Ana heshima. Hatanipinga."

Tupokigwe alifika Alhamisi hiyo asubuhi, mvua inanyesha ile ya Rungwe isiyojua kupumzika. Akakaa kwenye kigoda barazani, kando ya mlango, mgongo ukutani, khanga kichwani, uso ameuelekeza migombani. Mzee yuko ndani mezani. Mimi nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kazi yangu kuyapeleka maneno. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, ila lazima yapite kwangu.

"Muulize, mbolea inapatikana?"

"Anauliza, mbolea inapatikana?"

"Mwambie baba, inapatikana Tukuyu mjini."

"Muulize kama wafanyabiashara wanafika Matwebe."

"Mwambie wanafika. Wanakuja kununua viazi. Gari likija tupu, linakuja tupu kweli, halina hata mfuko mmoja wa mbolea. Zamani ushirika ulikuwa unatuletea hadi godauni. Sasa godauni wanafugia mbuzi."

Nikarudia yote, na mbuzi wale. Kalamu ya mzee haikusogea. Niliposogea karibu niweke chai, nikaona karatasi imeshapigwa chapa tangu juzi: mkulima mwanamke wa Matwebe anashukuru kwamba mbolea sasa inamfikia mlangoni. Palibaki nafasi ya saini yake tu.

"Muulize," akasema polepole, "hawezi kusema kwamba siku za mbele watafika?"

Tupokigwe alicheka kidogo, mkono mdomoni. "Mwambie siku za mbele hata Yesu atafika. Mimi msimu wa tatu huu napanda bila kitu, mahindi yananiishia kiunoni." Akapangusa matone gotini. "Halafu mama, muulize baba. Ni nani aliyewaambia serikali waache?"

Nilikuwa nimerudi mlangoni. Jibu nalijua, nilikuwepo walipompongeza, nilipika wali wa watu arobaini. Lakini mpelekaji wa maneno hana ruhusa ya kupunguza. Nikauliza.

"Mwambie ni wataalamu."

"Wataalamu gani?" akasema Tupokigwe kabla sijageuka.

Mvua ikapiga bati. Mzee akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwambie ni mimi."

Sikurudia. Hakukuwa na haja.

Baadaye kidogo mzee akakohoa. Kikohozi hicho kila mkamwana anakijua: baba anataka kutoka, pisha. Nyumba yetu ina mlango mmoja tu, na tangu saa nne alikuwa anahitaji kwenda chooni. Tupokigwe hakusogea. Akakohoa tena, mara mbili. Khanga haikutikisika. Siku zote hizo sikuwahi kumwona mkamwana akikikataa kikohozi.

Saa kumi, Tupokigwe bado yuko kwenye kigoda, gari likapiga honi barabarani. Mzee akasaini, akaziacha zile kurasa tisa mezani, akafunga bahasha ya kaki, akaninyooshea.

"Mpelekee dereva, Ackson."

"Maneno yenu nimebeba tangu asubuhi," nikamwambia. "Hiyo beba mwenyewe."

Akanitazama kama mtu anayetafuta mlango wa pili. Kisha akaingia chumbani, akafungua dirisha la upande wa barabara, akamwita dereva.

"Daktari!" Ackson akapaza sauti. "Umefungiwa na mama, au nini?"

"Pokea tu, bwana, isilowe."

Gari likaondoka. Tupokigwe alilisikia likipanda kilima, akageuza kichwa kwangu, macho chini.

"Mama, muulize. Amepeleka niliyosema?"

Nikaingia. Mzee ameketi kitandani, mikono imelowa hadi viwiko. Nikamuuliza neno kwa neno. Akajifuta mikono kwa shuka, nami nikatoka bila neno la kupeleka.

Tupokigwe aliusoma uso wangu. Akainuka, akakunja khanga vizuri, akakatiza migombani kwa heshima zote, kama inavyotakiwa.

"Kashaondoka," nikamwambia mzee. "Njia nyeupe, nenda chooni."

"Nitakwenda," akasema, akabaki amekaa.