Tigre Ndani ya Depo

Uvumi huo Mama Godelieve aliusikia katika soko la Manika akichagua vitunguu, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Ati siku za sikukuu mbwa wanatiwa kwenye magunia, wanapakiwa kwenye pikipiki za taxi-moto na kupelekwa mtaa wa Musonoi kuuzwa nyama. Nani kasema? Mwuza vitunguu. Naye kasikia wapi? Kwa mteja. Godelieve akarudi kwake Dilala hata hamu ya kupika hana.

Mbwa wake aliitwa Tigre. Kusema kweli alikuwa mbwa wa Mechack, mwanawe wa pekee, aliyevuka mpaka kwenda kuendesha malori huko Solwezi. Siku ya kuondoka kijana alisema, "Mama, uniangalilie imbwa yangu. Mwaka Mupya nitakuya." Basi katika nyumba ile ya zamani ya kampuni ya mgodi, yenye vyumba vingi kuliko watu, Tigre ndiye aliyebaki kumsikiliza Godelieve. Alimsemesha akisonga bukari, alimsemesha akifua, na mbwa aliinua sikio moja kama mtu anayetafuta jibu.

Jirani yake Adèle alimwona akimkagua Tigre miguu na meno.

"Mama Mechack, ile imbwa unaichunga sawa bibi-arusi. Nani atakula ile mifupa mitupu?"

"Cheka tu. Banabeba mu magunia."

"Uliona?"

"Sikuona. Nilisikia."

"Ah. Basi ulisikia," Adèle akasema, akaendelea kuanika nguo zake.

Asubuhi ya Noeli ilikuwa lazima aende misa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka, na vijana barabarani walikuwa wameshaanza kupasua fataki. Hakuthubutu kumwacha Tigre uani. Akamvuta mpaka depo, kile chumba kidogo kando ya jiko anamoweka mchele na unga, akafunga mlango kwa kufuli. Maji alikumbuka kumwekea. Hata gunia la kulalia alikumbuka. Kanisani aliimba akiwa ametulia, ufunguo ukiwa ndani ya kitambaa kiunoni, akijiambia kwamba leo hakuna mkono wa mtu utakaomfikia.

Asichokumbuka kilikuwa nyuma ya mfuko wa mchele. Kama mama yeyote anayeweka chakula cha sikukuu, alikuwa ametega sumu ya panya, tena aliichanganya na vichwa vya kapenta, wale samaki wadogo wa kukausha, ili inukie vizuri.

Aliporudi mchana, Tigre hakubweka. Alikuwa amelala ubavu, anatetemeka, amejitapikia, na vichwa vya kapenta havikubaki hata kimoja. Godelieve alimwinua kichwa. Alifanya alichomwona mama yake akifanya kila mtu aliposhukiwa kula kitu kibaya: alifungua kinywa cha mbwa, akamimina maziwa, kisha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kikombe kizima. Alipomaliza ndipo alipomtuma Adèle kumwita tata René, munganga wa banyama, yaani daktari wa mifugo.

René alifika kwa taxi-moto, angali amevaa shati lake la misa. Alipiga magoti, akamnusa mbwa kinywani.

"Ulimupa nini, mama?"

"Maziwa na mafuta, tata. Si njo dawa ya sumu?"

René akafungua mfuko wake wa dawa. "Hapana, mama. Ile sumu ikikuta mafuta, inaingia mu mwili mbio zaidi. Ungeniita kwanza."

"Kama singemupa, angepona?"

"Sijui. Sitakudanganya. Pengine angepona, pengine angekufa tu."

Alimchoma sindano, lakini jua lilipoanza kushuka Tigre alikuwa ameshakufa, miguu imekauka. Godelieve alichimba shimo mwenyewe. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, kazi haikuwa ngumu, na hilo nalo lilimuumiza.

Kisha akampigia Mechack. Nyuma ya sauti ya kijana kulikuwa na muziki na watu wanacheka.

"Mechack, imbwa yako ilikufa. Ni mi niliua."

"Imbwa gani? Ah, Tigre. Mama, ile ni imbwa tu, usilie. Unasikia? Na mi Mwaka Mupya sitakuya, bakubwa ba kazi balikatala."

Godelieve akauliza, "Ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Muzuri."

Simu ikakatika. Aliwasha moto jikoni, akaanza kusema neno, akanyamaza, maana hakukuwa na wa kuambiwa.

Kabla ya Mwaka Mpya watoto wa Adèle waliletewa kambwa kadogo. "Mama Mechack, kuya ukaone," Adèle alimwita. Hakwenda. Alichana kipande cha katoni, akaandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi, akakipitisha juu ya ukuta wa Adèle:

Usifungie mbwa mahali ulipotega sumu ya panya. Toa sumu kwanza, fagia, angalia nyuma ya mifuko.

Usimpe mifupa ya kuku wa sikukuu. Inavunjika, inamtoboa ndani.

Usimwache nje fataki zikipasuka. Atakimbia, hatajua njia ya kurudi.

Usimpe pombe ili watu wacheke.

Usimwache peke yake siku nzima.

Usishike kila neno la sokoni.

Akila sumu usimpe maziwa. Usimpe mafuta. Usingoje. Ita munganga, umwonyeshe karatasi ya ile sumu.