Nta ya Mama kwenye Mtumbwi wa Kukunja

Siku Raheli alipompeleka mbuzi wake wa maziwa dukani Singida mjini, akarudi Mwankoko na mfuko mrefu wa turubai kichwani, mumewe Melkiori alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Zefania, mbuzi yuko wapi?"

"Yumo humu," alijibu Raheli akitua mzigo, mtoto mgongoni.

Humo mlikuwa na mtumbwi wa kukunja: mifupa ya mbao, na vazi la turubai lililopakwa mpira. Baba yake, mzee Antipasi, ndiye aliyekuwa akiuunga na kuufungua pale ziwani kwa ajili ya Mwingereza mmoja mpima maji. Vita vya Hitla vilipoanza, yule bwana akaondoka, na mfuko ukaishia kukaliwa na wateja dukani. Raheli aliutambua kwa fundo la kamba. Hakuna mwingine anayefunga vile.

Raheli alikuwa mdogo Jumapili moja yule Mwingereza alipolala na homa, baba akawapakia mtumbwini yeye na mama yake, Yunisi. Mama alikaa mbele, kajifunika kanga uso mzima. "Nikifa, mkawaambie kwetu Iguguno nimekufa juu ya maji kama bata!" Halafu akafunua jicho moja. Halafu yote mawili. Heroe, wale ndege wekundu wa ziwani, wakaruka kundi zima, na mama akacheka kicheko ambacho Raheli hakukisikia tena nchi kavu.

Mama alizikwa mwaka jana. Tangu matanga, mzee Antipasi amekuja kukaa kwa binti yake, na ziwa hata kulitazama hataki. Raheli alitaka kitu kimoja tu: kumrudisha baba yake juu ya maji.

"Sikia," alisema Melkiori. "Tembe letu, paa lake la udongo linavuja. Mvua ya kwanza ikidondoka kitu hiki hakijaelea, turubai linakwenda juu ya paa na mbao zinaingia mafigani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mbavu mbili za mtumbwi zilikuwa zimevunjika. Raheli alikata fito mbichi za mkole, mti wa kuchongea pinde, akaanza kuzipinda juu ya mvuke wa chungu. Mzee alikuwa akimtazama kwa pembeni.

"Hiyo umeipinda kama mguu wa kuku," alisema hatimaye.

Raheli akamnyooshea ufito. Mzee akaupokea.

Likabaki turubai, kavu, linalia kama jani la muhindi. Raheli alilifanyia kile alichomwona mama yake akiifanyia kila ngozi iliyokauka: alilianika, kisha akalisugua kwa samli mpaka likang'aa.

"Mwenzangu," jirani yake Felista alimtania akipita, "huo ni mtumbwi au bibi harusi?"

Asubuhi samli ilikuwa imeulegeza mpira, unanata kama ulimbo. Kifaranga kilikuwa kimenasa, kinalia. Melkiori alitazama mawingu, kisha akatazama paa, na hilo ndilo lililomuuma Raheli zaidi.

Alikwangua mpira wote kwa majivu na gae la chungu mpaka vidole vikachubuka. Kikabaki kitambaa kitupu, ukikiinua unaona jua. Akaketi amnyonyeshe mtoto, machozi yakamtoka. Mtoto alishiba, akakivuta kibuyu cha maziwa cha marehemu bibi yake. Ubavuni kilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, na katika nta ile bado ilionekana alama ya kidole gumba cha mama.

Raheli alikishika muda mrefu.

"Baba, nta ipo?"

Mzee aliinuka mwenyewe. "Mama yako hakuwahi kukosa nta."

Waliiyeyusha, wakaipaka kwenye turubai ingali ya moto kwa kitita cha nyuzi za katani. Melkiori alipotoka shamba, mzee alimwambia, "Shika huku, mwanangu, vuta." Nani amkatalie baba mkwe? Akavuta mpaka turubai likakaza juu ya mbao.

Walifika ziwani mawingu yameshakuwa meusi.

"Mimi nimeunga, inatosha," mzee alisema, akageuza uso.

Raheli hakubishana. Aliingia mtumbwini na mwanawe, akakaa mbele, akajifunika kanga uso mzima. "Nikifa, mkawaambie kwetu Iguguno nimekufa juu ya maji kama bata!"

Kisha nyuma yake mtumbwi ukatikisika, mtu akikaa, na kasia likagusa maji. Mzee alikuwa akicheka, au akilia. Chini ya kanga huwezi kujua.

Hawakuwa wamefika mbali, tone la kwanza likadondoka.

"Mvua hiyo!" Melkiori alipiga kelele ufukweni. "Na humo ndani, maji yanaingia?"

Raheli alihisi unyevu kwenye kisigino. Angeweza kusema hapana.

"Kidogo!"

Melkiori alitazama juu, akamtazama mkwewe anavyopiga kasia, mabega yamenyooka kama ya kijana.

"Basi msiende mbali," alisema. "Mimi nakwenda kuchimba udongo wa kuziba paa."

Raheli akafunua jicho moja. Halafu yote mawili.