Makofi Kwenye Mabano

Chumba cha kuandikia hotuba za bunge kilikuwa na viti saba, vizima viwili. Yeye alikalia kile kilichofungwa kamba mgongoni, mwaka wa tisa huo, bado kibarua. Wenzake walimwita Dada Pedali, maana hakuna aliyemfikia kwa kukanyaga ile pedali ya kurudisha sauti nyuma. Unavaa vipokea sauti, unasikiliza, unaandika kila kilichosemwa ukumbini. Wabunge wakigonga meza unaweka (Makofi). Wakicheka, (Kicheko). Huongezi, hupunguzi.

Siku hiyo alikuwa hakaliki.

"Shoga, leo Mjomba anausambaratisha ule muswada!" alimwambia mwenzake wa kiti cha pili. "Eti watu kumi wakiandamana bila kibali, miaka mitano jela! Ngoja uone."

"Mjomba wako wa damu?"

"Wa mtaa mzima!"

Alikuwa mbunge wao. Walimwita Mjomba kwa sababu hakosi msiba, na jeneza analibeba mwenyewe. Wiki iliyopita mtaani waliandamana kudai maji, polisi wakabeba watatu. Kesho yake Mjomba huyo, miguu peku kwenye mkeka wa mama yake Dada Pedali, chai mkononi.

"Mpwa wangu, niandikie majina ya walioandaa. Siyo hao watatu tu, wote. Nikasimame niwatetee mmoja mmoja."

"Andika wewe, mwenye mwandiko," mama alisema.

Dada Pedali akaandika majina saba. Wa nne mdogo wake, fundi baiskeli. Mjomba akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo kabisa.

Sasa, saa tano ya siku ya muswada, kipande cha sauti ya Mjomba kikaangukia kwake. Akavaa vipokea sauti huku anatabasamu.

"Mheshimiwa Spika, kuna wanaosema maandamano hayana wachochezi. Polisi wanao watatu. Mimi ninao saba, nimeletewa na wananchi wema. Naunga mkono muswada huu, na nawasoma."

Mguu ukaganda kwenye pedali. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Sauti ni ile ile iliyosema mpwa wangu, na jina la nne halikubadilika.

Akampigia mdogo wake. Haipatikani. Akampigia mama.

"Wameshamchukua, mwanangu. Na pampu yake ya kujazia upepo wameibeba, eti kielelezo."

"Mama, sikiliza..."

"Walikuwa na karatasi. Mwandiko kama wako."

"Mama."

"Nimewaambia siujui."

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Akaandika. Majina yote saba, herufi kwa herufi, maana kuacha jina ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Ila makofi ya ukumbini hakuyaweka. Miaka tisa, mara ya kwanza. Akatoa karatasi, ikapelekwa kwa Mjomba aipitie, kama ilivyo desturi kwa kila msemaji kabla hotuba haijachapwa.

Saa nane mkuu wa chumba akaja nayo mkononi.

"Dada, Mheshimiwa ameirudisha. Anataka irekebishwe."

Akasimama haraka, kiti kikaanguka. "Anafuta majina?"

"Afute kwa nini? Majina yako sawasawa, amekusifu hata. Anasema alipigiwa makofi, wewe hujayaweka."

"Sikuyasikia, bosi."

"Wewe? Unayesikia mtu akimeza mate?" Mkuu akacheka, akamwinulia kiti. "Kila baada ya jina, dada. Wachapaji wanasubiri."

Akavaa vipokea sauti, akakanyaga pedali. Kweli, walikuwa wamegonga meza mara saba. Akaweka (Makofi) baada ya jina la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne aliweka, kisha akasikiliza mara mbili, kwa sababu pale Mjomba alitaja na kazi ya mtu, fundi baiskeli, na ukumbi ulifanya jambo jingine.

Akafuta, akaandika upya: (Makofi/Kicheko).